Kura Kumi na Sita za Reli

Mwaka 1962 Claiborne Pell alikuwa bado mgeni katika Seneti ya Marekani. Alikuwa hajamaliza miaka miwili tangu aapishwe, alitoka Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote nchini humo kwa eneo, na hakuwa mjumbe wa kamati iliyoshughulikia usafiri. Hayo hayakumzuia kuwasilisha azimio la kutaka majimbo manane ya kaskazini mashariki, kuanzia Massachusetts hadi Maryland, yaruhusiwe kuunda mamlaka moja ya kujenga na kuendesha treni za abiria. Miaka kumi baadaye, sasa akiwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya elimu, alipitisha kifungu kinachompa mwanafunzi wa familia isiyojiweza ruzuku ya chuo isiyorudishwa.

Hoja ya kwanza ilizaa treni mbili za majaribio na ripoti nyingi. Hoja ya pili inawalipia karo watu takriban milioni 6 kila mwaka na imebeba jina lake: Pell Grant. Wakimbizi wa Kikongo wanaozungumza Kiswahili na waliopewa makazi Marekani wanaifahamu vizuri, kwa kuwa sheria inawahesabu wakimbizi miongoni mwa wasio raia wanaostahili. Kijana aliyefika kutoka kambi ya Nyarugusu anaweza kuijaza fomu ya kuomba msaada wa masomo, FAFSA, bila kujua kwamba Pell lilikuwa jina la mtu.

Mtunga sheria ni mmoja, Seneti ni ileile, na subira aliyoitia katika kazi zote mbili ni ileile. Tofauti ya mavuno iko kwenye ufundi: nani alishika kalamu ya muswada, fedha zilitoka mfuko gani, na zilipotoka zilimfikia nani.

Ufasaha tuuweke kando mapema, maana Pell hakuwa nao. Alizungumza kwa kusitasita, kwa adabu za watu wa ukoo wa kitajiri wa Newport, na waandishi wa Washington walimfanyia mzaha kwa mavazi yake yaliyopitwa na wakati. Inasimuliwa kwamba John F. Kennedy alimwona kuwa mtu asiyechagulika kuliko wote Marekani. Kisha katika kura za mchujo za Democrat za mwaka 1960 mtu huyo asiyechagulika akawabwaga magavana wawili wa zamani wa jimbo lake, Dennis Roberts na J. Howard McGrath, huku akiwasalimu wapiga kura wa viwandani kwa Kiitaliano, Kifaransa na Kireno. Akakaa Seneti miaka 36. Kanuni yake ya kazi aliieleza mwenyewe kwa utani: humwachia mwenzake afanye atakavyo Pell. Mwenzake akidai sifa, apewe, mradi kifungu kibaki kama kilivyoandikwa.

Tuanze na reli. Julai 1961 kampuni ya reli ya New Haven, iliyowahudumia watu wa Rhode Island kupitia Providence, ilifilisika. Abiria walikuwa wamehamia kwenye magari na ndege, na si kwa hiari ya soko peke yake. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilikuwa imeanzisha mfuko maalumu unaolishwa na kodi ya mafuta, na serikali kuu ililipa asilimia 90 ya gharama za barabara kuu zinazounganisha majimbo. Msomaji wa Tanzania anayekatwa tozo ya Mfuko wa Barabara kila anapojaza tangi, au wa Kenya anayelipa ushuru wa matengenezo ya barabara, anaujua utaratibu huo: fedha zinakusanywa zenyewe, hazisubiri huruma ya bunge kila mwaka. Reli haikuwa na mfuko kama huo. Kila dola ya treni ilibidi iombwe kutoka hazina kuu, mbele ya wabunge ambao wengi wao hawakuwa na treni ya kupanda.

Azimio la Pell lilikuwa na akili. Katiba ya Marekani inayataka majimbo yapate idhini ya Kongresi kabla ya kufungamana kwa mkataba, na ulikuwepo mfano unaofanya kazi: Mamlaka ya Bandari ya New York, iliyoundwa na majimbo ya New York na New Jersey mwaka 1921. Hivyo Pell hakuomba fedha, aliomba ruhusa. Kwa seneta mgeni asiye na kamati huo ni mlango mwembamba lakini unafunguka, kwa kuwa ruhusa haina mstari katika bajeti na ni vigumu kuikataa kwa sababu za gharama. Serikali ya Kennedy haikuikubali mamlaka hiyo, ila ililazimika kujibu, na jibu lake likawa utafiti wa usafiri wa ukanda mzima kati ya Boston na Washington.

Utafiti ni kaburi la kawaida la hoja za wabunge. Pell aliugeuza ngazi. Tarehe 1 Oktoba 1964 Japani ilifungua Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka, na ghafla treni ya kasi ilikuwa kitu kinachoonekana, chenye ratiba na tiketi. Mwaka uliofuata Rais Lyndon Johnson alipeleka muswada wake mwenyewe, na tarehe 30 Septemba 1965 alisaini Sheria ya Usafiri wa Ardhini wa Kasi ya Juu. Sahihi ilikuwa ya Johnson na sehemu kubwa ya wazo ilikuwa ya seneta wa Rhode Island. Mwaka 1966 Pell alitoa na kitabu, Megalopolis Unbound, kilichoeleza mji mmoja mrefu wa pwani ya mashariki unavyoweza kuunganishwa.

Lakini isomwe sheria yenyewe, si hotuba za siku ya kuisaini. Ilitenga dola milioni 90 kwa miaka mitatu, kwa kazi tatu: utafiti, majaribio, na ukusanyaji wa takwimu. Kujenga hakumo. Hakuna kilomita mpya ya njia, hakuna daraja lililonyooshwa, hakuna kona iliyopunguzwa makali. Muswada ulipita bila upinzani mkubwa, na sababu ni kwamba ulikuwa mdogo mno kumtisha mtu yeyote.

Matokeo yalifuata maandishi. Metroliner, mabehewa ya umeme yaliyotengenezwa na kampuni ya Budd, yalipaswa kuanza mwishoni mwa 1967. Yakaanza tarehe 16 Januari 1969, yakienda kati ya New York na Washington kwa chini ya saa tatu. Abiria walimiminika. Upande wa kaskazini ikaja TurboTrain ya injini za tabo, kwa kuwa nyaya za umeme ziliishia New Haven na njia ya kwenda Boston haikuwa nazo. Desemba 1967 TurboTrain ilikuwa imefikia takriban kilomita 275 kwa saa kwenye majaribio. Katika huduma ya kila siku haikukaribia hapo, maana ilipita kwenye kona zilezile zilizochorwa kwa ajili ya treni za mvuke. Agosti 2025 Amtrak, shirika la treni za abiria la nchi nzima, ilizindua treni mpya za Acela kwenye ukanda huohuo, na kasi yao ya juu kabisa ni takriban kilomita 257 kwa saa. Jaribio la Pell la zaidi ya nusu karne iliyopita bado linaongoza.

Hapa ndipo pa kuhesabu. Majimbo manane ya ukanda ule yana maseneta kumi na sita. Seneti ina wajumbe 100. Washington, mji mkuu ulio mwisho wa reli, hauna seneta hata mmoja. Kwa dola milioni 90 za majaribio hesabu hiyo haikudhuru, lakini kwa mabilioni ya ujenzi iliua. Seneta wa Wyoming hakuwa na cha kuwaeleza watu wake kuhusu dakika arobaini zilizookolewa kati ya Baltimore na Philadelphia. Serikali kuu ilipolazimika kuziokoa treni za abiria, kwa sheria iliyosainiwa Oktoba 1970, njia ya kupata kura ilikuwa kuunda shirika la nchi nzima. Amtrak ilianza kazi tarehe 1 Mei 1971 ikiwa na treni ndefu za kuvuka mbuga na milima kwa abiria wachache, pamoja na ule ukanda wenye watu wengi alioupigania Pell. Kura zilinunuliwa kwa maili. Ukanda ulisubiri hadi 1976 kupata fedha za maana za ukarabati, na umeme ulifika Boston mwaka 2000.

Sasa elimu.

Mwaka 1968 Wayne Morse wa Oregon alishindwa uchaguzi, na mwaka uliofuata kiti chake cha uenyekiti wa kamati ndogo ya elimu kikamwangukia Pell. Katika Seneti tukio la namna hiyo ni kubwa kuliko hotuba kumi. Mwenyekiti ndiye anayeamua muswada upi usikilizwe, mashahidi gani waitwe, na rasimu ya nani iwekwe mezani iwe ya kurekebishwa. Kwenye reli Pell alikuwa akibisha hodi kwenye kamati za wengine. Kwenye elimu wengine walibisha kwake.

Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965 ilikuwa tayari na ruzuku kwa wanafunzi maskini, lakini fedha zilikwenda chuoni na afisa wa chuo ndiye aliyechagua wa kumpa. Mwanafunzi alijua kama amesaidiwa baada ya kuomba nafasi na kukubaliwa. Mtoto wa mvuvi wa Rhode Island, ambaye hakuwahi kuota chuo kwa sababu nyumbani hakuna fedha, hakufikiwa na utaratibu huo kwa kuwa hakuomba kabisa. Pell aligeuza mpangilio. Hesabu ianzie kwenye kipato cha familia, kwa kanuni moja nchi nzima, ili kijana ajue anachostahili kabla hajachagua chuo, kisha fedha zimfuate aendako. Mfano alioutegemea ni sheria ya wanajeshi waliorudi vitani ya mwaka 1944, iliyomlipia askari wa zamani chuo alichokichagua mwenyewe.

Wapinzani wake hawakuwa wahafidhina. Walikuwa vyuo vyenyewe. Vyama vya vyuo vikuu mjini Washington vilitaka fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti za taasisi kwa idadi ya wanafunzi, na katika Baraza la Wawakilishi vilikuwa na bingwa wao, Edith Green wa Oregon, mwanamke aliyeijua sheria ya elimu kuliko karibu kila mwanamume aliyeketi naye. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: chuo kikikosa fedha za uendeshaji, mwanafunzi mwenye ruzuku ataipeleka wapi? Wakenya waliofuatilia mabadiliko ya mwaka 2023, serikali ilipoacha mgawo wa jumla kwa vyuo vikuu vya umma na kumpangia kila mwanafunzi fungu lake la ufadhili na mkopo, wamezisikia pande zote mbili za mjadala huo, hadi mahakamani.

Pell alikuwa na mshirika ambaye Democrat wengi hawakumpenda. Serikali ya Richard Nixon nayo ilitaka msaada umfuate mwanafunzi. Kwa hiyo katika jambo hili mwenyekiti wa kamati ndogo kutoka chama cha upinzani na Ikulu walisimama upande mmoja, na Baraza la Wawakilishi lenye Democrat wengi lilisimama ng'ambo. Nadhani hapa ndipo kanuni yake ya kumwachia mwenzake sifa ilipomlipa vizuri zaidi.

Muswada namba S. 659 ulipoingia kamati ya upatanishi ya mabaraza mawili mwaka 1972, karo haikuwa tishio lake kubwa. Tishio lilikuwa mabasi. Aprili 1971 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Charlotte huko North Carolina, ilikuwa imeruhusu mahakama kuamuru wanafunzi wasafirishwe kwa mabasi kutoka mtaa hadi mtaa ili kuvunja ubaguzi wa rangi shuleni. Wazazi Weupe wa kaskazini na kusini walikasirika, na Baraza la Wawakilishi likapachika kwenye muswada wa vyuo vikuu vifungu vya kuzuia usafirishaji huo. Sheria ya ruzuku za chuo ikawa inasubiri uamuzi kuhusu basi la mtoto wa shule ya msingi.

Pell aliongoza ujumbe wa Seneti, na Carl Perkins wa Kentucky akaongoza upande wa pili. Vikao vilichukua wiki nyingi, na kile cha mwisho, mwezi Mei, kiliendelea hadi alfajiri. Waliyotoka nayo ni biashara ya kawaida ya bunge. Upande wa mabasi, amri za mahakama zingesimamishwa kwa muda hadi rufaa zimalizike. Hatua hiyo iliwaudhi watetezi wa haki za raia na haikuwatosha wapinzani wa mabasi. Upande wa vyuo, taasisi zilipewa kifungu cha msaada wa moja kwa moja, ila kiwango chake kilifungwa kwenye idadi ya wanafunzi wao wanaopata misaada ya serikali kuu. Na ruzuku ya Pell ikabaki kama ilivyoandikwa: hadi dola 1,400 kwa mwaka, ukitoa kile ambacho familia inatarajiwa kuchangia, bila kuzidi nusu ya gharama za masomo.

Seneti ilipitisha kwa kura 63 dhidi ya 15. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa 218 dhidi ya 180. Nixon alisaini tarehe 23 Juni 1972 huku akivilaumu vifungu vya mabasi kuwa ni dhaifu. Katika sheria hiyohiyo kilikuwamo kifungu cha tisa kinachokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, ambacho siku hiyo hakikuzungumzwa sana.

Ile zawadi viliyopewa vyuo, msaada wa taasisi, haikupata kutengewa hata senti. Huko Marekani sheria ya kuidhinisha mpango na sheria ya kutoa fedha ni vitu viwili, hupita kwenye kamati mbili tofauti, na kifungu kinaweza kuishi miaka mingi kwenye karatasi bila kulishwa. Pell aliujua mtego huo, na ruzuku yake mwenyewe ilikaribia kunaswa nao. Sheria ilitaka mipango ya zamani ya misaada ilishwe kwanza kufikia kiwango fulani kabla ruzuku mpya haijapata chochote. Mwaka wa masomo 1973/74 kiwango cha juu kilichotolewa kilikuwa dola 452, si 1,400, na walionufaika walikuwa 176,000 tu, wote wa mwaka wa kwanza wanaosoma muda wote.

Kuanza na mwaka wa kwanza peke yao kulionekana ni ubahili. Kwa jicho la hesabu za bunge kulikuwa na faida isiyotarajiwa. Mwaka uliofuata wale wa kwanza waliingia wa pili na hawakuweza kuachwa njiani, darasa jipya likaingia nyuma yao, na hivyo hivyo hadi miaka yote minne ikajaa kufikia 1976/77. Kila darasa lilileta wazazi wapya wenye barua ya ruzuku mkononi, katika kila jimbo la uchaguzi nchini, Wyoming ikiwemo. Seneta aliyetaka kuikata alipaswa kuwakata watu wake. Mwaka 1980 Kongresi ikaupa mpango huo jina la mwanzilishi wake.

Mpango una nyufa zake. Kwa kuwa fedha zilimfuata mwanafunzi hata kwenye vyuo vya ufundi vya kibiashara, wajanja walifungua vyuo vilivyoishi kwa ruzuku na kutoa vyeti visivyo na kazi, kashfa iliyochunguzwa na Seneti mwaka 1990. Na kwa kuwa kiwango hupangwa na Kongresi katika bajeti, hakikukimbizana na ada. Katikati ya miaka ya 1970 ruzuku ya juu ililipa zaidi ya robo tatu ya gharama za chuo kikuu cha umma cha miaka minne. Kwa kiwango cha dola 7,395 cha mwaka 2023/24, inalipa chini ya theluthi.

Kura yenye funzo zaidi kwa mchambuzi ni ile aliyoshindwa. Mwaka 1994, katika muswada mkubwa wa kupambana na uhalifu, lilitolewa pendekezo la kuwanyima ruzuku wafungwa. Pell alipinga. Wafungwa walikuwa wakitumia chini ya asilimia moja ya fedha zote, na kwa kuwa kila anayestahili hupimwa kwa kanuni yake mwenyewe, ruzuku ya mfungwa haikumpokonya mtoto wa mtu yeyote nafasi. Hoja ilikuwa safi. Ila maseneta walioipitisha ruzuku kila bajeti kwa sababu ya wazazi wa majimboni mwao hawakuwa na mpiga kura wa gerezani wa kumwogopa, na zuio likapita kwa urahisi. Pell aliondoka Seneti Januari 1997 na akafariki tarehe 1 Januari 2009, zuio likiwa bado lipo. Kongresi iliamua kuliondoa Desemba 2020, ndani ya sheria ya kurahisisha fomu ya FAFSA iliyobebwa na muswada mkubwa wa bajeti, na wafungwa wakaanza kustahili tena tarehe 1 Julai 2023.